Kuitosha Simu Mu Buloko

Watu huja kwenye meza yangu na simu mikononi, nami huwafukuza. Mimi ni fundi saa. Nina meza yenye kioo kwenye baraza ya duka la vitambaa, katikati ya mji wa Lubumbashi, na chini ya kioo nimepanga saa za mkono ambazo wenyewe walikwisha kuzisahau. Nimekaa hapo miaka mingi kuliko umri wa mwenye duka. Mtu akininyooshea simu namwonyesha ng'ambo ya barabara, wanakokaa mafundi wa simu, na akizidi kunibembeleza namjibu vibaya. Zamani nilikuwa nawajibu vibaya kwa majivuno tu. Siku hizi nina sababu nyingine, na nitaieleza, maana nimechoka kuibeba peke yangu.

Simu yenyewe ilikuwa yangu. Shemeji yangu aliniletea kutoka Ubelgiji, ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu huko, ile aina yenye tufaha lililoumwa mgongoni. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kiflamandi. Shemeji alisema kubadili lugha ni jambo la dakika moja, akala bukari yetu, yaani ugali, akaondoka bila kubadili. Nami sikutaka kumwomba mtu mwingine. Mtu anayefungua saa ya mwanamke, ile ndogo kama ukucha, akatoa magurudumu yake na kuyarudisha yote, aombe msaada wa kubadili lugha? Nikajifunza simu kwa picha zake. Picha ya maikrofoni niliibonyeza, ya bahasha niliiacha. Na ikijitokeza karatasi nyeupe katikati ya kioo, imejaa Kiflamandi, nilitafuta kile kimsalaba cha pembeni nikaifunga, kama ninavyofukuza nzi mezani.

Niliihitaji kwa sababu ya mke wangu. Yeye ni mtu wa Kasenga, kwao ni ukingoni mwa mto Luapula, ukisimama mlangoni unaiona Zambia, na miaka yote ya ndoa yetu amefanya biashara ya samaki kati ya huko na hapa. Wiki mbili anakaa kwao, anarudi na vikapu, anauza, anaondoka tena. Kuandika hakupendi, kwa hiyo alinitumia sauti. Asubuhi moja, mchana tatu, jioni ndiyo usiseme, na karibu zote zilianza na neno lile lile.

"Papa, nilisha kufika. Samaki haiyakuya, mayi iko mingi. Dawa yako ulikunywa? Usinidanganye."

"Papa, kuko mama moya hapa anataka kuniuzisha samaki mpende ya kuoza, anasema ni ya leo. Nikamuambia: leo ya wapi?"

Nilizisikiliza nikiwa nimeinama, lenzi jichoni, kibanio mkononi. Nilimjibu "eeh", au "sawa, mama". Kusema kweli nyingi sikuzisikiliza. Zilipita sikioni kama redio ya jirani, nami nikaendelea na kazi.

Kisha, msimu mmoja wa mahindi mabichi, alikuwa shambani kwetu huku Annexe, pembeni mwa mji, nyuma tu ya nyumba, akaanguka kati ya mistari ya mahindi. Kiharusi. Simu yake aliyoiangukia haikuwaka tena. Mkono wa kulia ulirudi baada ya miezi, mguu nao ukarudi kwa shida. Maneno hayakurudi. Anaelewa kila kitu. Ukimwambia sufuria inaungua, atainuka. Lakini akifungua mdomo haitoki ila pumzi. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akibishana na wavuvi mpaka wanacheka na kumpa samaki mmoja wa juu, na sasa akitaka chumvi ananyoosha kidole.

Daktari alituambia wako watu ambao kazi yao ni kufundisha kusema upya, ila hapa kwetu hakumjua hata mmoja wa kutupeleka kwake. Akasema tuseme naye, arudie. Tukasema naye, mimi na binti yetu. Binti ni mwalimu wa shule ya msingi, bado anakaa nasi, na alimfundisha mama yake kama anavyofundisha watoto wa mwaka wa kwanza: sema mayi, sema bukari. Mke wangu alitutazama kwa hasira mpaka tukaacha. Ningekuwa yeye ningekasirika pia.

Shule yake aliigundua mwenyewe. Siku moja niliacha simu kitandani nikiswali adhuhuri, naye akaichukua akabonyeza. Nilikuwa natoa salamu ya mwisho nikasikia sauti yake nyuma yangu: "Papa, nilisha kufika." Niligeuka. Alikuwa amekaa, simu sikioni, midomo yake inacheza. Akabonyeza tena. Akarudia ujumbe ule ule mpaka nikaenda kuchota maji ya kunawa nikarudi, bado anaurudia.

Baada ya wiki tatu alisema "samaki". Ilitoka imekatika katikati, lakini ilikuwa samaki, tena yenye mwendo wake mwenyewe wa Kasenga, ule wa kuvuta mwisho wa neno. Sauti zetu sisi hazikumsaidia kitu. Ya kwake ilimshika mkono. Ikaja "mayi". Ikaja "leo". Ikaja "Papa", na siku hiyo sikwenda kazini, nilikaa tu nyumbani nikijifanya nina homa. Maneno manne kwa miezi mitatu. Mle ndani kulikuwa na jumbe mamia, za miaka yote ya Kasenga, na mimi mzee mzima nikaanza kuota mchana kweupe kwamba siku moja atanigombeza tena.

Halafu programu ya ujumbe ikafungwa. Simu ilikuwa imezeeka, na wenye programu walikuwa wametangaza kwa miezi mingi kwamba haitafanya kazi tena kwenye simu za umri ule. Walitangaza kwa Kiflamandi, kwenye zile karatasi nyeupe, nami nilizifunga zote moja baada ya nyingine. Kama ningemwonyesha binti yangu hata moja, angechukua simu yake, akaiweka karibu na yangu, akanasa sauti zote za mama yake kwa siku mbili tatu. Sikumwonyesha. Asubuhi moja mke wangu alibonyeza, programu ikafunguka ukurasa mmoja wenye maandishi, basi, haikuendelea. Alibonyeza mpaka kidole kikachoka. Kisha akaniletea simu na kunikunjia uso, akimaanisha: tengeneza, si wewe fundi?

Nikavuka barabara. Ng'ambo kuna fundi mmoja wa simu, mtu wa makamo, wazazi wake walitoka Kasai. Amesoma hadi chuo kikuu, anavaa miwani na shati lililopigwa pasi hata siku ya vumbi. Miaka yote tulisalimiana kwa mbali, kila mmoja akimdharau mwenzake kidogo. Siku hiyo alinivutia kiti, akaigeuzageuza simu yangu.

"Papa, sauti ya mama haiyapotea," akasema. "Iko ndani. Ni mulango njo ilifungwa."

"Basi ufungue mlango," nikamwambia.

"Mulango ya hii telephone, benye kuitengeneza njo beko na ufunguo. Mwenye telephone anaingia tu mu salon ya bageni. Ku chumba, hapana." Akainua miwani. "Kuko njia moya. Banaita jelbreki. Ni kutosha telephone mu buloko."

"Kuitoa gerezani," nikamsahihisha.

Buloko ni gereza, hilo kila mtu hapa anajua. Lakini neno lingine linahitaji maelezo kwa msomaji wa mbali. Kwetu Lubumbashi kutosha ni kutoa. Mtu anatosha viatu mlangoni, anatosha takataka, mganga wa meno anakutosha jino. Kitu kikiwa cha kadiri inayotakiwa, sisi husema kinaenea. Mwalimu wangu wa madrasa alikuwa mtu wa pwani, na alitucharaza fimbo kwa ajili ya neno hilo: kutosha ni kuenea, kutoa ni kutoa, rudieni. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Tangu hapo nimekuwa nasahihisha watu, wateja, majirani, hata imamu mara moja. Mke wangu alikuwa akifanya makusudi kabisa. Nikimaliza kula aliniuliza, "Papa, nitoshe sahani, ao haiyakuenea?" kisha alingoja nikasirike.

Fundi wa simu hakukasirika. "Sawa, Papa, kuitoa. Lakini mi siigusi. Inaweza kukwama njiani, na ikikwama, kuiamusha ni kufuta byote. Kama hauna copie, usiguse."

"Ingekuwa yako?"

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Ingekuwa sauti ya mama yangu? Ningeiweka mu tiroir ya meza. Ningengoya."

"Kungoja nini?"

"Siyue, Papa. Pengine siku moya mutu wa kujua kupita miye atakuya."

Nilimshukuru, nikarudi mezani kwangu nimekasirika. Jibu lake lilikuwa la mtu mwaminifu, na hilo ndilo lililoniudhi. Ningependa anidanganye kidogo.

Nyumbani binti alibadili lugha ya simu kuwa Kifaransa. Kweli ilikuwa kazi ya dakika moja. Akapekua mahali panapoonyesha mizigo ya simu, akakuta mstari unaosema kuna nakala ya jumbe. Simu ilijitengenezea yenyewe.

"Copie iko, Papa," akasema. "Lakini iko mule mule ndani. Siyue kama inasaidia kitu."

Hilo ndilo swali tuliloishi nalo. Nakala iko ndani. Je, simu ikikwama na kufutwa, nakala ya ndani inabaki au inakwenda na vingine? Binti alitaka tungoje mpaka likizo, amuulize mwenzake mmoja wa zamani anayefanya kazi ya kompyuta. Mimi nilitaka kitu kifanyike, ila sikujua kipi. Katika kazi yangu kuna kanuni ambayo sikuwahi kuivunja: saa inayotembea usiifungue kwa udadisi. Lakini ile haikuwa inatembea. Asubuhi niliondoka nyumbani nimeamua kuiacha, na nikifika mezani nimekwisha kuamua kuifungua, na jioni narudi sijui nimeamua nini. Nilimpa mteja saa ya mwenzake. Nilikunywa dawa yangu ya presha mara mbili, siku nyingine sikunywa kabisa, na hapakuwa na mtu wa kuniambia nisimdanganye.

Mke wangu, yeye, hakutungoja. Neno "leo" lilikuwa la kwanza kuondoka. Alilitafuta asubuhi moja akiwa anapeta mchele, nilimwona analitafuta, mdomo umekaa tayari, na neno halikuja. Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Wiki iliyofuata "mayi" ikabaki nusu, "ma", kisha ikawa ya mashaka. Bila sauti yake ya kumwongoza alikuwa anarudi nyuma. Hapo ndipo niliona kwamba kungoja nako kuna bei yake, na kwamba fundi wa ng'ambo alisema ningoje kwa sababu si yeye anayekaa naye mezani wakati wa kula.

Nikaanza kutazama video. Binti alinionyesha jinsi ya kutafuta kwenye simu yake, na za Kifaransa zilinishinda kwa haraka yao. Kisha nikampata mtu wa pwani, sijui ni wa Tanga au Mombasa, ana sauti ya upole, anaeleza kwa Kiswahili namna ya kufanya jelbreki kwa mtu ambaye hajawahi kufanya. Anasema "ndugu yangu" kila baada ya sentensi mbili. Nilifurahi kupita kiasi. Kiswahili kile kilikuwa cha mwalimu wangu wa fimbo, kile nilichojivunia maisha yangu yote, na binti alikuwa anakikamata kwa shida huku mimi nikimfasiria. Nilijisikia mtu tena.

Nilimtazama yule bwana kila jioni kabla ya magharibi. Nilizijua hatua zake kwa moyo: waya upi, kitufe kipi, hesabu mpaka kumi, achia kimoja. Ilikuwa kazi ya vidole na subira, na vitu hivyo ninavyo. Kilichobaki ni lile swali la nakala. Na jioni moja, mke wangu akiwa kando yangu anamenya viazi vitamu, nilirudi mwanzo kabisa wa video, sehemu niliyokuwa naruka kwa sababu watu wa video husema sana kabla ya kuanza, na nikamsikia akisema: "Ndugu yangu, nakala iliyo ndani ya simu haitoshi."

Haitoshi. Nilisimamisha video hapo hapo.

Mwezi mzima nilikuwa na neno hilo kichwani, kutosha simu mu buloko, kutosha sauti, kutosha, kutosha. Na sikio langu, ambalo lilizaliwa hapa, likasikia kama linavyosikia hapa: nakala iliyo ndani ya simu haitoki, haitolewi, hata simu ikifutwa yenyewe inabaki. Nilimgeukia mke wangu nikamwambia, "Amesema haitoshi. Ya ndani haitoshi." Nilikuwa nacheka. Naye alicheka, kwa sababu alielewa kama nilivyoelewa mimi. Nilimuuliza kama nijaribu. Aliinamisha kichwa kukubali mara tatu, akaniwekea mkono mgongoni.

Nilifanya siku ya Jumapili, saa tisa alasiri. Binti alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa walimu na wazazi, kompyuta yake ameiacha mezani. Sikumwambia. Nilikuwa nimemwona akisita mwezi mzima, na nilijua akinikuta atasema "Papa, tungoye", nami sikutaka kusikia neno hilo tena. Nilitandika kitambaa cheupe kama ninavyofanya kwa saa. Nilinawa mikono. Mke wangu alivuta kigoda akakaa upande wa mkono wangu wa kushoto, akiitazama simu tu.

Nilibonyeza nilivyofundishwa. Nilihesabu mpaka kumi, nikaachia kimoja. Kwenye kompyuta mistari ya maandishi ilianza kushuka, na kioo cha simu kikawa cheusi, kisha tufaha jeupe likatokea. Yule bwana alisema litakaa dakika mbili. Lilikaa dakika tano. Likapotea, likarudi. Likapotea, likarudi. Nilirudia hatua zote tangu mwanzo, mara ya kwanza polepole, mara ya pili haraka, na mara ya tatu nikihesabu kwa sauti ili nisikosee. Tufaha lilikuwa linakuja na kwenda bila kusimama.

"Imelala," nikamwambia mke wangu. "Itaamka." Yeye aliinuka akaenda kuwasha mkaa.

Kesho yake nilivuka barabara kabla hata ya kufungua meza yangu. Fundi wa simu aliunganisha, akatazama, akavuta pumzi.

"Papa uliigusa."

"Niliigusa."

"Itaamuka, lakini ni kwa kufuta byote. Copie iko wapi?"

"Ndani ya simu."

Alinitazama. Alikuwa ananionea huruma, na sikuwa nimezoea kuonewa huruma na mtu wa simu. "Ndani ya telephone, Papa? Ile njo ya kwanza kufutika."

Nilimwambia haiwezekani, mtu wa pwani amesema haitoshi. Nilisema kwa sauti ya juu, watu wakageuka. Naye, mtu wa adabu, hakubishana. Alisema kungoja bado kunawezekana, simu ikae hivyo hivyo, kama ilivyo, mpaka mtu mwingine apatikane. Ila alinieleza pia kwamba yeye, kwa ujuzi wake wote, hajawahi kuona iliyokwama hivyo ikaamka na vitu vyake. Nilimwachia siku nne nikifikiri. Siku ya tano nilimwambia aifute, kwa sababu mke wangu kila jioni alikuwa ananyoosha mkono aipokee, na nilishindwa kurudi mikono mitupu.

Binti ndiye aliyeicheza video mpaka mwisho wa ile sehemu. Alikaa jikoni, akaandika kwenye daftari lake la shule kila neno alilosikia, kama watoto wake wanavyoandika imla, kisha akanisomea. Nakala iliyo ndani ya simu haitoshi. Usianze kabla hujaweka nyingine kwenye kompyuta. Ni rahisi, ndugu yangu, haichukui nusu saa.

"Haitoshi ni haienee, Papa," akasema kwa sauti ndogo. "Si weye njo ulitufundisha?"

Ni mimi. Niliwafundisha nyumba nzima, niliwasumbua kwa neno hilo miaka thelathini. Na kompyuta ilikuwa mbele yangu Jumapili ile, waya uko mkononi, nusu saa tu. Nimejaribu kumchukia yule bwana wa pwani na haiwezekani, alisema sawasawa kabisa. Nimejaribu kumchukia mwalimu wa fimbo. Nilijichukia mimi, na hilo halina faida yoyote kwa mke wangu, ila ndilo lililobaki.

Nilimwambia ukweli siku niliyorudi na simu. Sikuzungusha. Alinisikiliza, akaichukua, akabonyeza. Simu sasa ni nzuri, inaongea Kifaransa, inawaka haraka kuliko siku niliyoipata, na ndani yake hamna hata mtu mmoja. Alibonyeza mahali palipokuwa na jumbe zake. Alibonyeza kwa muda mrefu bila hasira. Kisha akanirudishia na kwenda shambani kung'oa magugu, na nilimwona kutoka dirishani amesimama tu kati ya mistari, hang'oi kitu.

Tangu hapo kila alasiri nikirudi nakaa mbele yake na kumsemea jumbe zake mwenyewe, nilizozikumbuka. Binti aliona aibu mwanzoni, akatoka nje. Mzee mwenye mvi anajiita Papa, anajiuliza kama amekunywa dawa. Ninazo kumi na moja. Mamia ya jumbe za mke wangu, za miaka yote, na nimehifadhi kumi na moja, nyingine hazina mwisho. Ninachokumbuka vizuri ni majibu yangu. "Samaki" iliondoka mwezi uliofuata. "Papa" ilikaa muda mrefu kuliko yote, ikawa "pa", na Ijumaa moja nilirudi kutoka msikitini haikuwepo.

Juzi nilimsemea ule wa mvua, ambamo anaeleza jinsi mtumbwi ulivyojaa maji karibu na ukingo, na mwanamke mmoja mnene akakataa kushuka mpaka abebwe, na wote wakacheka mpaka wakasahau samaki. Niliusema kwa mwendo wa Kasenga, nikavuta mwisho wa maneno. Mke wangu alinitazama mdomo. Midomo yake ilianza kunifuata, kidogo, kama ilivyokuwa ikiifuata simu, nami nikapunguza haraka ili anifikie. Nilipofika kwa yule mwanamke mnene nikasahau alisema nini hasa. Nilijua kulikuwa na maneno hapo, yaliyomchekesha kila mtu mtumbwini, na siku aliyonitumia nilimjibu "eeh". Nikatunga. Mke wangu akatikisa kichwa, siyo hivyo. Nikatunga mengine. Akatikisa kichwa tena. Yeye anayakumbuka. Yuko nayo yote kichwani, na hapana njia ya kuyatoa. Alingoja kidogo aone kama nitayapata, kisha akafunga mdomo, akavuta sinia la maharage akaanza kuchambua, na mimi nikamalizia ujumbe peke yangu.